Kijana wa miaka 16 na usukani: ajifunzie wapi hapa Mombasa?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Kifungua mimba wangu ametimiza miaka 16 na hana jengine analolitaka ila gari. Babake yuko Doha kikazi. Ami yake ana Vitz ya otomatiki na amejitolea kumfunza Jumapili alfajiri, ama kwenye barabara za ndani za Nyali kabla watu hawajaamka, ama ufuoni maji yakishakupwa. Anasema mradi gari lina herufi ya L na yeye ameketi kando, hakuna neno. Mimi moyo hautulii. Je, kuna mahali halali na salama ambapo kijana wa umri huu anaweza kujifunza hapa Mombasa? Na kama gari halitawezekana, anasema atatosheka na pikipiki. Hilo nalo vipi?

Jibu: Waaleikum salaam, dadangu. Mahali papo, ila si Nyali alfajiri na wala si ufuoni. Ami amekazana kutafuta saa ambayo watu wamelala, na sheria haiulizi saa. Inauliza kama pale mahali mtu yeyote anaweza kuingia. Kwa hiyo unapotafuta, tafuta lango linalofungwa na mwenye lango aliyekubali. Hapo ndipo hesabu inapoanzia, na mengine yote nitakayokwambia yanafuata kutoka hapo.

Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inaeleza mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 2, barabara ni nini. Wengi hudhani ni lami yenye mstari mweupe. La. Humo mna barabara za umma, na pia njia nyingine yoyote, gati, maegesho ya magari, hata njia ya waendao kwa miguu, mradi gari linaweza kupita na umma unaweza kufika. Kwa hivyo maegesho ya supamaketi siku ya sikukuu, yakiwa matupu kabisa, ni barabara. Kichochoro cha vumbi nyuma ya msikiti ni barabara. Ufuo wa Pirates, ambao ni ufuo wa umma na watu wanaupita kila saa, usiufanye darasa ukidhani umeikwepa sheria. Na barabara za ndani za Nyali, hata ziwe na miti na utulivu kiasi gani, ni barabara kama Moi Avenue ilivyo barabara.

Sasa kifungu cha 30. Hakuna ruhusa ya kuendesha gari barabarani bila leseni ya aina ya gari lile. Kifungu hichohicho kinamgusa na mwenye gari, au aliyekabidhiwa gari, akimruhusu mtu asiye na leseni aliendeshe. Maana yake, wakisimamishwa na askari, ami hatakuwa shahidi. Atakuwa mshtakiwa wa pili, na pengine wa kwanza, kwa sababu ndiye mtu mzima. Kijana naye hasalimiki kwa udogo wake: Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai hadi miaka 12, na wako ameupita zamani. Kesi yake ingesikizwa kwa utaratibu wa watoto, lakini kesi ni kesi.

Kuhusu ile herufi ya L, mueleze ami kwa upole, maana naona ana nia njema. Kile kibao ni alama ya kuonyesha kwamba anayeendesha ana leseni ya muda ya mwanagenzi, ile tunayoiita PDL. Kibao chenyewe hakimpi mtu ruhusa. Na PDL ya gari dogo haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Kumbandikia kijana wa miaka 16 kibao cha L mbele na nyuma ni kumuitia askari kwa mbali aje akague karatasi ambayo haipo.

Kuna jambo jengine ambalo watu hawalitaji mpaka siku ya msiba: bima. Chukua ile karatasi ya bima ya Vitz, si stika, ile karatasi yenyewe ndefu, usome panapoeleza ni nani anayeruhusiwa kuendesha. Bima nyingi za magari ya nyumbani zinataka dereva awe na leseni. Kijana akiligonga tuktuk, kampuni inaweza kukataa kutengeneza Vitz. Na hata ikimlipa aliyeumia, kwa sababu sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inawalinda watu wa tatu, yaani walioumizwa na gari, inaweza kumgeukia mwenye gari idai pesa zake. Fikiria ami anaamka Jumapili kumfanyia wema mtoto wa ndugu yake, kisha anamaliza mwaka akilipa mguu wa mtu.

Basi wapi?

Pa kwanza na pazuri zaidi ni shamba la jamaa. Watu wengi wa Mombasa wana ukoo wenye kipande Kwale au Kilifi, Tiwi, Msambweni, Mtwapa kwa ndani, Takaungu. Shamba lenye ua na mlango, mwenyewe akikubali na akiwepo, ndiyo shule bora ya kuanzia. Tahadhari moja tu: njia ya kutoka barabara kuu mpaka shambani, ile ya mchanga inayopitiwa na majirani na wanafunzi, si shamba. Ami aendeshe mwenyewe mpaka ndani, mlango ufungwe, ndipo wabadilishane viti. Na wakati wa kurudi vivyo hivyo. Nimewajua watu wazima wenye busara wanaomwachia kijana usukani kwa ile nusu kilomita ya mwisho kwa sababu eti tumeshafika. Hamjafika.

Pa pili ni yadi ya biashara inayofungwa wikendi. Shimanzi, Changamwe na Miritini zimejaa maghala yenye yadi za zege, ukuta pande zote, na bawabu langoni. Ukimjua mwenye yadi, au mtu wa msikitini kwenu anamjua, muombe saa mbili za Jumapili. Zege ni bora kuliko mchanga kwa anayeanza, kwa sababu gari linajibu vile linavyoagizwa. Ubaya wa yadi ni makontena, nguzo na malori yaliyoegeshwa, kwa hivyo panataka nafasi tupu ya kutosha, si kona iliyobaki. Mimi hupendelea paliponyooka angalau kama urefu wa uwanja wa mpira, ili kijana apate kutia mwendo kidogo, kushika breki, na bado kubaki na nafasi ya kukosea.

Pa tatu ni uwanja wa shule ya kibinafsi wakati wa likizo, au uwanja wa maonyesho wa Mkomani, ambao ni mali ya ASK, chama cha kilimo cha Kenya, na una ua. Hapa usiende kwa kujuana na bawabu. Nenda ofisini, uandike barua, ueleze ni gari gani, nani atasimamia, siku gani na saa ngapi, na wakikubali upewe jibu kwa maandishi. Wakikataa, ni haki yao. Bawabu aliyepewa mia mbili akufungulie hana mamlaka ya kukuruhusu, na likitokea jambo atasema hakukuona. Tena hakikisha siku hiyo watu wengine hawaingii: uwanja ambao asubuhi una vijana wanaocheza kandanda na kina mama wanaotembea mazoezi umerudi kuwa mahali pa umma, hata kama una ukuta.

Baadhi ya shule za udereva zina yadi zao wenyewe. Uliza moja kwa moja kama wanakubali kumfunza wa chini ya 18 ndani ya yadi tu, bila kutoka nje. Atakayekwambia mlete tu, tutamtoa na barabarani, hapa tunajuana na askari, huyo muage. Na yule dalali anayeahidi kupata leseni kwa kuongeza miaka kwenye karatasi, usimpe hata jina la mtoto.

Yapo maeneo ambayo kila mwaka naulizwa na kila mwaka nayakataa. Lami mpya ya Dongo Kundu, kwa sababu inaonekana tupu: ni barabara kuu, na malori yake hayana mchezo. Kiwanja chochote cha wazi mtaani, iwe Kiembeni au Mtopanga, kwa sababu hata ukifika saa kumi na mbili na nusu alfajiri utakuta watoto wa madrasa wanakatiza. Machimbo ya mawe yaliyoachwa, sitaki hata kueleza. Na ufuo, dadangu, hata sheria tuiweke kando: mchanga uliolowa unashika gurudumu, kijana anaongeza moto, yaani anakanyaga pedali ya mafuta, gurudumu linachimba, na bahari ikijaa haimsubiri mtu amalize kusukuma Vitz.

Tuseme umepata pahali. Kabla gari halijaingia, ami apatembee kwa miguu. Hili ndilo watu wanalolipuuza kuliko yote, na ndilo ninalolisisitiza zaidi, kwa sababu ardhi yetu ya pwani ina hila zake. Kwanza mashimo ya choo. Nyumba na majengo mengi huku hutumia mashimo yaliyofunikwa kwa bamba la zege, na zege likizeeka kwa chumvi, vyuma vyake huoza kwa ndani huku juu ukiona sawa tu. Nimeona Probox limesimama limeinamisha pua, gurudumu la mbele la kushoto limezama ndani ya bamba lililovunjika, na waliokuwemo wametokea mlango wa nyuma wameziba pua. Walicheka, kwa sababu hakuna aliyeumia. Uliza mwenye eneo shimo liko wapi, uweke mawe makubwa kulizunguka, mbali nalo kwa hatua kadhaa. Pili visima, hasa mashambani, vile vya zamani vilivyofunikwa kwa mabati na majani yameota juu. Tatu mawe ya matumbawe yanayochomoza mchangani. Yana makali na yanachana tairi ubavuni, mahali pasipozibwa pancha. Nne minazi: usiegeshe chini yake, na usiufanye mnazi kuwa mwisho wa njia ya mazoezi, maana hautoki njiani. Halafu angalia mbuzi, kuku, na watoto wa mwenye shamba, ambao watakuja kutazama. Watoto wakae barazani, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe wao tu.

Umesema gari ni otomatiki. Watu hudhani otomatiki ni salama kwa mtoto kwa sababu haina klachi. Kwa kweli gari la gia za mkono, mwanagenzi akibabaika, mara nyingi huzima tu. Otomatiki ikiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, haizimi. Ukiinua mguu kwenye breki inaanza kutambaa yenyewe. Na kosa la hatari la anayeanza ni moja: anataka breki, mguu unakuta moto, gari linaruka, anashtuka, anakanyaga zaidi akidhani breki haishiki. Yote hayo yanakwisha kabla ami hajamaliza kusema simama. Kwa hivyo saa nzima ya kwanza isiwe ya kwenda popote. Mguu wa kulia tu ndio unaofanya kazi, kisigino kimekaa sakafuni upande wa breki, vidole vinazunguka kuifuata moto na kurudi, injini ikiwa imezimwa. Afanye hivyo mpaka ami akisema breki ghafla, katikati ya mazungumzo ya mpira, mguu uende wenyewe bila macho kushuka.

Kisha injini iwashwe, D, breki ya mkono ishushwe, na gari liachwe litambae bila kugusa moto kabisa. Atambae, asimame. Atambae, asimame. Inachosha kutazama, najua. Ami naye aketi na mkono wake karibu na breki ya mkono, kama Vitz yenyewe ina ile ya kati ya viti. Kama breki hiyo ya kuegeshea ni ya kukanyaga kwa mguu upande wa dereva, ami hana cha kumwokoa nacho, na kwa maoni yangu gari hilo halifai kwa kazi hii. Ikibidi akope Demio au lolote lenye breki ya kuvuta kwa mkono.

Mikanda ifungwe, hata ndani ya yadi. Abiria wasiwepo: si binamu, si rafiki, si mwenye simu ya kurekodi. Kipindi kisizidi kama saa moja, kwa sababu baada ya hapo kijana haongezi ujuzi, anaongeza ujeuri. Gari lielekezwe upande ulio wazi, kamwe lisielekezwe ukutani au penye watu, na mwendo usipite ule wa baiskeli mpaka kusimama kwake kumenyooka. Rivasi ije mwisho kabisa. Mwanagenzi akirudi nyuma huwa anatazama mbele.

Hata ndani ya lango, kumbuka, jukumu halikwishi. Mtu akiumia kwenye shamba la watu, anaweza kudai fidia mahakamani, na bima ya gari huenda isikubali. Ndiyo maana ruhusa ya maandishi, mtu mzima mwenye leseni, na ardhi iliyokaguliwa si mapambo.

Sasa niseme jambo ambalo kijana wako hatalipenda. Sehemu kubwa ya udereva wa Mombasa haijifunzwi yadini. Mzunguko wenye tuktuk tatu zinazotaka kupita kwenye nafasi ya moja, matatu inayosimama bila indiketa, mkokoteni unaopanda daraja la Nyali, boda boda anayekuja kinyume: haya kijana anaweza kuanza kujifunza leo, akiwa kwenye kiti cha abiria, na sheria haimkatazi. Mpe kazi. Mkitoka Kisauni kuelekea mjini, akae mbele, aeleze kwa sauti anachokiona na anachotarajia kitokee: yule atasimama, huyu atakata, mama yule atavuka. Akikosea, mueleze. Akipatia mara nyingi, utajua macho yake yameiva. Vijana wengi wanaoletwa kwangu mikono yao ni miepesi na macho yao mazito, wanatazama boneti.

Pia asome alama za barabarani na sheria zake sasa hivi. Vitabu vya mitihani vinauzwa, na ule ubao wa mji wenye vigari vidogo, ambao kila aliyesomea udereva Kenya ameusimamia akitokwa na jasho, haumuulizi mtu umri. Shule nyingine zitamkubali kwa masomo ya nadharia peke yake. Uliza bei kabla hujampeleka. Na umpeleke akapimwe macho. Mtoto aliyekuwa akikaa dawati la mbele darasani, wakati mwingine alikuwa haoni ubao.

Akitimiza 18, hatua zinafuatana: kitambulisho kwanza, kisha kujiandikisha shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kuombewa PDL kupitia eCitizen, ndipo barabarani na mkufunzi na L. Atakayekuwa na saa kadhaa za yadi na miaka miwili ya kutazama barabara kwa makini atawapita wenzake, na utaokoa pesa za masomo ya ziada.

Tukija kwenye pikipiki. Hapa kijana wako ana hoja nusu. Sheria inaruhusu leseni ya daraja la A1 kuanzia miaka 16, lakini hilo ni la moped, yaani pikipiki ndogo yenye injini isiyozidi cc 50. Zile Boxer na TVS unazoziona kwenye kijiwe cha boda boda ni kubwa kuliko hivyo, na zinataka A2, ambayo ni miaka 18. Kubeba abiria kwa malipo ni daraja jengine tena, A3, na huko ni miaka 21. Kwa hivyo akikwambia anataka pikipiki, muulize ni ipi, na akikutajia ya rafiki yake wa kijiweni, jibu ni hapana, hata kwenye kichochoro chenu.

Na ikiwa ni moped kweli, na PDL yake, na mkufunzi, na kofia ngumu inayofungwa kidevuni? Ni halali. Lakini umeniuliza pia kuhusu usalama, na mimi sitamtia mtoto wa miaka 16 juu ya kitu chenye mwendo wa pole kwenye barabara ya Malindi, katikati ya matatu zinazokimbizana kufika Mtwapa. Ningelikuwa na pesa za moped hiyo, ningeziweka zisubiri ada ya shule ya udereva, na Jumapili moja kwa mwezi nimlipie ami petroli ya kwenda shamba.